Farasi dume porini ana wake zake. Punda dume wetu wa Amu mbona yuko peke yake?

#1 Mtu_wa_Gatini
Salaam wadau. Mimi ni mtu wa punda hapa Amu (Lamu), kazi niliyoirithi kwa baba. Mchanga, mawe, saruji, mitungi ya gesi: chochote kinachoshuka gatini, punda wangu ndio wanaokifikisha vichochoroni. Ninao wanne, majike wawili na madume wawili.

Juzi baada ya Isha mpwa wangu kanionyesha video ya farasi wa porini kule Nevada, Marekani. Dume mmoja, majike watano, watoto wawili. Yule dume yuko nyuma yao, kichwa kakiinamisha karibu na ardhi, masikio kayalaza, shingo yacheza kama nyoka, na kundi zima likageuka likaenda alikotaka. Hakuna kamba, hakuna fimbo, hakuna mtu. Mpwa wangu asema majike hao hukaa naye miaka.

Sasa watazame wangu. Jioni tukishawatua mizigo tunawafungua wajitafutie. Majike hushika ndia ya Langoni, leo na huyu, kesho na yule. Dume langu kubwa, Shababi, huenda pembe ile ile nyuma ya jaa, huu mwaka wa sita. Hana jike anayelala naye. Madume wengine hupita hapo, naye hawagusi. Lakini akitokea jike mwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, mtaa haulali: kelele, meno, mateke, milango ya watu yagongwa. Jike akishaondoka, Shababi hamfuati. Arudi pembeni kwake kama hapakuwa na kitu.

Farasi na punda ni ndugu. Kwa nini mmoja awe na nyumba na mwingine awe na pembe tu? Ndivyo walivyoumbwa, au ni sisi tuliowavuruga kwa kazi na kamba? Nauliza kwa dhati. Nimeshauriwa nimhasi, na nataka kujua nakata nini kabla sijakata.

#2 Ukhti_Langoni
Kumbe Shababi ni wako! Huyo ndiye aliyemng'ata punda wa ami yangu sikio likabaki nusu. Mhasi, kaka. Watoto wetu hupita kichochoro hicho wakienda chuoni.

#3 Mwalimu_MLD
Nakusalimu kutoka Malindi. Jibu langu ni malisho na maji.

Farasi ni mnyama wa nyika za majani. Majani yametapakaa kila mahali, kwa hiyo majike wanaweza kula pamoja bila kunyang'anyana, na wakikaa pamoja dume mmoja anaweza kuwalinda wote. Punda asili yake ni jangwa. Punda mwitu wachache waliobaki wako Ethiopia na Eritrea, kwenye ardhi ya mawe na joto kali. Huko chakula ni kijiti hapa, kijiti kule. Majike wakifuatana watashinda njaa, basi kila mmoja huenda na mtoto wake. Dume hawezi kulinda majike waliotawanyika, kwa hiyo hulinda mahali: njia ya kisimani, bonde lenye majani. Hungoja waje.

Shababi anafanya hayo hayo. Jaa ndilo bonde lake.

#4 Jahazi77
"Jaa ndilo bonde lake." Maalim umenivunja mbavu.

Lakini mbona mwalizungusha? Farasi ni mnyama wa enzi. Dume ndiye anayeamua waende wapi, wale wapi, wanywe saa ngapi, na majike humtii. Punda hana moyo wa kuongoza.

#5 Mzee_wa_Nanyuki
Jahazi77, hapo nikurekebishe. Nimefanya kazi miaka 19 kwenye ranchi za Laikipia, farasi wa kupanda upande huu wa ua, punda milia upande ule. Dume si kiongozi wa safari. Mara nyingi anayeanza kuondoka ni jike, hasa anayenyonyesha, kwa sababu kiu yake haingoji. Wenzake humfuata. Dume huwa nyuma au ubavuni akitazama nani anakuja. Ile shingo ya nyoka ni ya kuwakusanya anapomwona dume mwingine karibu. Ukimtazama machoni wakati ule utaona mlinzi mwenye wasiwasi. Hali chakula akamaliza, halali akashiba usingizi.

Na kabla ya kufika hapo kuna miaka ambayo video hazionyeshi. Dume kijana huondoka kwenye kundi la mama yake akiwa na miaka 2 au 3. Baadhi hufukuzwa na baba, wengi huondoka wenyewe wakikosa rika la kucheza nalo. Hujiunga na madume wenzao wasio na majike, watatu, watano, pengine zaidi. Mchana kutwa ni kuinuka kwa miguu ya nyuma, kung'atana magoti, kukimbizana. Ndiyo shule yao. Wengi hawapati jike kabla ya miaka 5 au 6. Wako wanaozeeka bila kupata.

Kwa hiyo ukihesabu madume wote wa nyikani, siyo wale wa kwenye video tu, walio kama Shababi ni wengi.

#6 Kaskazi_na_Kusi
Vijana wa barazani hao, wasubiri mahari ishuke.

#7 Bibi_wa_Shela
Wanangu, tangu asubuhi mwamzungumza dume. Majike je?

Mjukuu wangu asoma mambo ya wanyama chuo kikuu, na haya ndiyo aliyonieleza. Kule New Zealand, milima ya Kaimanawa, watafiti waliwafuata farasi wa mwituni mtu kwa mtu, miaka kadhaa. Wakaona jike mwenye shoga zake wa karibu kundini, hata wasiokuwa ndugu zake, husumbuliwa kidogo na madume, na watoto wake husalimika zaidi. Ilichapishwa 2009. Na dume akishindwa au akifa, mara nyingi majike hubaki pamoja, abadilika dume tu. Basi ile nyumba ni ya nani? Mimi naona ni yao. Yeye amekaribishwa.

Ndoo Shela alfajiri, Mtu_wa_Gatini, uwaone majike wa punda ufukweni kwa mato yako. Kuna wawili hapa nyumbani kwangu, hawaachani. Moya akipigwa mzigo wa mbali, wa pili hali.

#8 Msomi_wa_Kipungani
Naongezea la Bibi, nalo litamkera Jahazi77. Mwaka 1990 ulichapishwa uchunguzi wa damu za farasi wa porini wa eneo la Great Basin, huko huko Nevada. Walichukua makundi kamili, dume, majike na watoto, wakalinganisha. Karibu theluthi ya watoto hawakuwa wa yule dume mkuu wa kundi.

#9 Jahazi77
Theluthi? Na yeye yuko hapo hapo, hali wala halali?

#10 Mzee_wa_Nanyuki
Hapo hapo. Joto la jike wa farasi huchukua siku 5 hadi 7, na akizaa hurudi kwenye joto upesi, ndani ya siku 7 hadi 12 hivi. Mwenye majike watano, wawili wakiingia joto pamoja na jirani akaja kumchokoza upande wa mashariki, upande wa magharibi ni wazi. Madume vijana wanalijua hilo. Mmoja huchokoza, mwingine hupenya. Na mara nyingine ni jike mwenyewe anayetoka kwenda nje kidogo.

Ndiyo maana dume hukagua kila kitu. Jike akikojoa, yeye hunusa, akainua kichwa na kukunja mdomo wa juu ili harufu ifike kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa, kinachomwambia kama jike yuko tayari. Kisha hukojoa au kunya papo hapo juu. Wako wanaosema anaifunika harufu ya jike ili wengine wasijue. Wako wanaosema anatia sahihi: huyu ana mwenyewe.

#11 Mtu_wa_Gatini
Hilo la kukunja mdomo Shababi hulifanya, wallahi! Nilidhani acheka. Na mavi yake yako mahali pamoja, kichuguu kizima, jirani kashalalamika mara mbili. Je, ni mpaka?

Bibi, nitakuja Shela Ijumaa inshallah. Na Ukhti, kuhusu lile sikio la punda wa ami yako, niwie radhi. Gharama ya dawa niletee.

#12 Ukhti_Langoni
Ami amesema tayari limepona, la dawa lisahau. Akushukuru kwa kuuliza.

#13 Mwalimu_MLD
Mtu_wa_Gatini, madume wa jamii hii yote hufanya vichuguu hivyo, farasi, punda, punda milia. Mara nyingi huwa njiani, pale wanapopishana. Dume akifika hunusa, hunya juu, husonga mbele. Madume wawili wa farasi wakikutana huenda kichuguuni pamoja, wakanusa, wakaacha chao kwa zamu, na mara nyingi ugomvi unaishia hapo bila teke. Kwa hiyo si mpaka kama ukuta. Ni kama ubao wa matangazo.

#14 Mlinzi_wa_Sala
Nimesoma uzi tangu juu, na nataka kumpinga Mwalimu kwa heshima. Nimelinda upande wa Sala, njia ya kuingilia Tsavo Mashariki ukitoka Malindi. Kuna aina mbili za punda milia nchini. Huyu wa kawaida mwenye mistari mipana, dume ana majike wake na hutembea nao popote, sawa na farasi wa Nevada. Yule wa Grevy, mkubwa, masikio ya duara, mistari myembamba, dume hushika eneo lake la kilomita mraba kadhaa na kukaa humo peke yake hata miaka. Majike huja, hula, huondoka. Madume wengine huwaruhusu kupita, hata kulisha. Akiingia jike mwenye joto ndipo moto huwaka.

Mtu_wa_Gatini, soma tena post yako ya kwanza. Hujaandika habari za Shababi, umeandika habari za Grevy.

Sasa Mwalimu, Grevy wachache waliletwa Tsavo Mashariki zamani kutoka kaskazini. Majani ni yale yale, maji ni yale yale, simba ni wale wale. Mbona hawakugeuka wakaanza kukaa kinyumba kama wenzao? Mimi nasema ni umbile. Farasi na punda milia wa kawaida waliumbwa hivi, punda na Grevy waliumbwa vile.

#15 Mzee_wa_Nanyuki
Mlinzi, unayosema ya Grevy ni kweli tupu, nimewaona. Ila ongeza hili: jike wa Grevy anayenyonyesha hunywa karibu kila siku, asiyenyonyesha anaweza kukaa siku mbili tatu na kulisha mbali na mto. Haja zao haziwiani, ndiyo maana hawaambatani. Na dume aliyeshika eneo lililo karibu na maji ndiye anayepata wateja. Umbile na maji hapo yameshikana mikono, ukivuta moja lingine linakuja.

#16 Msomi_wa_Kipungani
Mlinzi, kama ni umbile tupu, nieleze hawa. Mtafiti Patricia Moehlman aliwafuata punda waliorudi mwituni mahali pawili Marekani. Pa kwanza ni Death Valley, jangwa kavu. Huko madume walishika maeneo, majike wakazurura na watoto wao, sawasawa na maelezo ya Mwalimu. Pa pili ni kisiwa cha Ossabaw, pwani ya Georgia, chenye mvua na majani tele. Huko punda wale wale walikaa makundi ya kudumu, dume na majike wake, kama farasi.

Mnyama mmoja, damu moja, nyumba mbili. Hapo umbile limeenda wapi?

#17 Mlinzi_wa_Sala
Nimekubali kwa punda. Kwa Grevy bado nashika yangu.

#18 Kaskazi_na_Kusi
Ngojeni kwanza. Amu nayo ni kisiwa. Na jaa la Amu, kwa punda, lina chakula kuliko bonde lolote: maganda ya maembe, mabaki ya wali, maboksi. Kwa hesabu ya Msomi, Shababi angekuwa na wake wanne na nyumba ya ghorofa pale. Kwa nini hana?

#19 Ukhti_Langoni
Kwa sababu majike wana wenyewe! Jike wa ami hulala ndani tangu lile sikio. Jike wa jirani afunguliwa Jumanne tu. Mwingine yuko Matondoni wiki nzima na mizigo ya boriti. Farasi wa Nevada hakuna mtu anayekuja alfajiri kumchukulia mkewe akabebe saruji. Hata Shababi angetaka nyumba, angeijenga na nani? Usiku ameungana nao, asubuhi tumewatenganisha, kila siku ya Mungu.

#20 Mtu_wa_Gatini
Ukhti, hilo limenigonga. Mimi mwenyewe ndiye nimchukuaye.

#21 Daktari_wa_Mifugo
Nimechelewa kuingia. Nimefanya kazi ya mifugo pwani muda mrefu, na madume wa punda niliowahasi ni wengi. Nijibu swali la kwanza kabisa, kwamba unakata nini.

Ukihasi, homoni ya dume hushuka. Kupigania majike hupungua sana, na kwa wengi hukoma. Kung'ata na kusumbua njiani hupungua. Lakini dume wa miaka mingi kama Shababi ameshajifunza mambo kwa mwili na kwa akili, na baadhi ya tabia hubaki: kwenda pembe ile ile, kunusa, hata kujaribu kupanda. Ndiyo maana sisi hupendelea wahasiwe wakiwa wadogo, kati ya miezi 6 na 18.

Mambo ya kushika. Mishipa ya damu ya punda pale ni mikubwa kuliko ya farasi, kwa hiyo lazima ifungwe kwa uzi. Yule mtu wa mtaani mwenye kisu na majivu msimwendee kabisa. Lazima apewe dawa ya ganzi na ya maumivu. Punda hulia kidogo akiumwa, wala msidhani haumwi. Lazima kinga ya pepopunda. Chagua msimu wa nzi wachache. Baada ya kuhasiwa, mtenge na majike wiki sita hivi, kwani mbegu zilizotangulia bado zinaweza kutia mimba. Hapo Amu mna bahati: hospitali ya punda iko ufukweni tangu 1987 na matibabu ni bure. Nenda kaulize.

Anayebaki mzima naye ana mahitaji. Dume mzima anayefungwa peke yake masaa yote, haoni wenzake wala hachezi, ndiye anayegeuka mkali. Shababi angalau ana mtaa.

#22 Jahazi77
Daktari, tukimpandisha Shababi kwa farasi tutapata nyumbu, siyo?

#23 Bibi_wa_Shela
Baghala, mwanangu. Nyumbu sisi twamwita yule wa Mara mwenye ndevu, japo wako wanaomwita baghala jina hilo pia. Na punda mwenyewe wazee wa Amu walimwita kihongwe. Vijana wa yeo mwaliacha jina lipotee.

#24 Daktari_wa_Mifugo
Asante Bibi. Dume wa punda kwa jike wa farasi ndiye huzaa baghala. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, baghala hupata 63 na karibu wote ni tasa. Baghala dume huhasiwa vilevile, kwa sababu mbegu hana lakini vurugu anazo.

#25 Kaskazi_na_Kusi
Tukiwa hapo kwa punda: tusisahau miaka michache nyuma punda walikuwa wakiibwa bara usiku kwa ajili ya ngozi. Serikali ilipiga marufuku machinjio yao 2020, kesi ikaenda mahakamani, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakapitisha kusitisha biashara ya ngozi bara zima. Kuna mtu huku aliyepoteza?

#26 Mzee_wa_Nanyuki
Ndugu yangu alipoteza watatu usiku mmoja. Dume aliyebaki alikaa langoni akilia wiki mbili. Tufungue uzi mwingine kwa hilo, lina uchungu wake.

#27 Mtu_wa_Gatini
Poleni sana, Mzee.

Nirudi kwenye mada, kuna jambo sikuwaambia mwanzo kwa kuliona dogo. Dume langu la pili, Kijana, ana miaka minne. Si mwana wa Shababi, nilimnunua Siyu. Usiku wanne mfululizo nimekwenda jaani na tochi. Mara tatu nimemkuta Kijana amesimama pembeni kwa Shababi, hatua kama kumi, na Shababi hamfukuzi. Madume wengine wakija, Kijana ndiye atanguliaye mbele. Jike akija, Kijana hurudi nyuma. Utasema mtu na mdogo wake. Kwa farasi liko jambo kama hili?

#28 Msomi_wa_Kipungani
Liko, na watu wamelitolea macho. Kule Camargue, kusini mwa Ufaransa, wale farasi weupe wa mabwawani, Claudia Feh alieleza 1999 jinsi madume wawili wa daraja la chini wanavyoungana, wakashika majike pamoja, na urafiki huo ukadumu miaka. Wa pili ndiye hutoka kupambana na wageni, wa kwanza hubaki na majike. Ujira wa yule wa pili? Karibu robo ya watoto wanaozaliwa kundini ni wake, zaidi ya wanachopata madume wanaovizia peke yao. Kwa hiyo Kijana anafanya kazi kwa malipo, polepole.

#29 Bibi_wa_Shela
Mjukuu asema wale wa Kaimanawa walipima jambo hilo hilo wakalikataa. Huko makundi yenye madume wawili hayakuwa na faida. Majike walisumbuliwa zaidi na walikonda. Wakasema yule wa pili ni dume aliyejipachika tu, na wa kwanza ameshindwa kumtoa. Malipo hayo, Msomi, majike ndio wayalipao.

#30 Msomi_wa_Kipungani
Bibi, yaweza kuwa yote ni kweli, bwawa la Ufaransa na mlima wa New Zealand si mahali pamoja. Ila nakubali kwamba Feh aliwatazama madume zaidi, na wale wa Kaimanawa majike zaidi. Ukisimama upande huu wa kichochoro waona mlango huu.

#31 Ukhti_Langoni
Nina swali la kweli, msinicheke. Mwaka juzi jike wa ami alikuwa na mimba kubwa. Shababi na wengine wawili wakamkimbiza usiku hadi Mkunguni. Siku chache baadaye akaharibu. Ami husema ni Shababi aliyemtoa mimba kwa makusudi kwa sababu si yake. Dume anaweza hilo?

#32 Msomi_wa_Kipungani
Hakuna wa kukucheka, swali hilo limegawanya mabingwa. Joel Berger, aliyewafuata farasi wa milima ya Granite huko Nevada, aliandika 1983 kwamba dume mpya akitwaa kundi, huwapanda kwa nguvu majike wenye mimba changa na mimba hutoka, kisha hupata nafasi ya kuzaa wake. Wengine walikusanya takwimu za makundi mengine wakaandika 1991 kwamba hawakuona uhusiano huo. Halafu 2011 likatoka lingine, kwa farasi wa kufugwa: jike aliyepandishwa mbali na kurudishwa nyumbani penye madume wengine huwatafuta yeye mwenyewe ili nao wadhani mtoto ni wao, na akizuiwa kuwafikia, mimba huwa hatarini. Ikiwa ni hivyo, ile theluthi niliyoitaja kwenye #8 si wizi wa madume vijana peke yake. Ni bima ya mama. Dume kumuua mtoto asiye wake kumeonekana pia, kwa nadra, Camargue na kwingineko.

#33 Daktari_wa_Mifugo
Ukhti, kwa huyo wa ami, mimba ilikuwa kubwa, siyo changa. Kukimbizwa usiku, kuanguka kwenye ngazi, mzigo mzito, maradhi, lishe duni: yote hayo hutoa mimba. Alikuwa akibeba wakati ule?

#34 Ukhti_Langoni
Alikuwa akibeba mawe. Mpaka wiki ile ile.

#35 Mwalimu_MLD
Pole sana, dada.

Kuhusu Kijana nina wazo la tatu. Punda hushikamana wawili wawili kwa mapenzi tu, jike na jike, dume na dume, hata aliyehasiwa na mzima. Mbebaji yeyote wa Malindi anajua: ukiuza mmoja, wa pili hununa hadi kukonda. Labda Kijana hafanyi kazi wala hajajipachika. Anampenda mwenzake. Mchana wanabeba pamoja, si ndiyo?

#36 Mtu_wa_Gatini
Pamoja, kila siku. Kijana hutembea nyuma yake, hata ngazi za Mkomani hupanda mguu kwa mguu.

Ijumaa nilikwenda Shela, Bibi ahsante kwa chai na mahamri. Niliwaona wale majike wako wawili. Kisha nikaenda kwa hospitali ya ufukweni. Tumekubaliana hivi: Kijana atahasiwa kusi ikitulia na nzi wakipungua, kwa sababu bado mdogo kidogo. Shababi tumngojee. Wamenishauri usiku nimtoe jaani, nimpe uwanja wa nyuma kwa mjomba, pamoja na Kijana, na jike mmoja wangu awe nao bila kutenganishwa wiki nzima. Nataka kuona. Akipewa jike asiyechukuliwa alfajiri, atakaa naye au atarudi pembeni kwake?

#37 Jahazi77
Atarudi jaani. Naweka halua ya kilo mbili.

#38 Mlinzi_wa_Sala
Nami nasema atarudi.

#39 Bibi_wa_Shela
Mwamuuliza Shababi. Mwulizeni jike.

#40 Ukhti_Langoni
Kaka, ami asema habari nyingine. Jike wake ana mimba tena, na mara hii habebi kitu. Alishika joto Rajab, na usiku ule mlango ulikuwa wazi. Punda ni miezi kumi na miwili na zaidi kidogo, kwa hivyo twahesabu. Yeye ni wa kijivu, na Shababi ni mweusi. Mtoto akitoka mweusi nitaweka picha hapa.

#41 Daktari_wa_Mifugo
Weka picha, lakini rangi si ushahidi. Wiyoni kuna madume weusi wawili ninaowajua mimi mwenyewe.

#42 Mtu_wa_Gatini
Watatu, Daktari. Na mmoja hupita jaani kila usiku, Shababi hamgusi.